Awamu Tano za Mzee Belarmino

Kwenye chumba cha kusubiria mionzi hakuna anayekuuliza jina. Swali la kwanza, kabla hata hujapata kiti, ni hili: umepewa awamu ngapi? Ukisema thelathini na tano, watu wanakupisha ukae, maana wewe bado unapiganiwa. Ukisema ishirini, wanatikisa kichwa na kukupa habari za chai ya kutuliza tumbo. Ukisema tano, kila mtu anakumbuka kutazama viatu vyake. Hesabu hiyo hawakufundishwa na daktari yeyote. Wameitunga wenyewe, wagonjwa wa mji ule wa jangwani, Antofagasta, kwa miaka ya kukalia viti vile vya plastiki, na wanaiamini kuliko karatasi yoyote yenye mhuri.

Mzee Belarmino Carvajal alipoulizwa, Jumatatu moja ya Februari, alijibu kwa sauti ya mtu anayetangaza mshindi.

"Tano tu. Ijumaa namaliza."

Mkewe, Bi Nolfa, alikuwa amesimama nyuma yake na mfuko wa taulo na suruali ya akiba. Aliviona viatu vinavyotazamwa, vyote, kuanzia dirishani hadi mlangoni. Akajifanya anatafuta miwani yake, nayo ilikuwa puani.

Yeye alikwishajua. Ijumaa iliyotangulia, Belarmino alipotoka mara ya pili kwenda msalani, kwa kuwa siku hizo hakumaliza nusu saa bila kwenda na kila akienda alirudi amepauka kwa damu aliyoiona mle, Nolfa aliinuka akafunga mlango wa ofisi, akamwambia Daktari Iribarren aseme upesi kabla mzee hajarudi. Daktari hakupenda. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Lakini alisema. Saratani ilikuwa imetoboa ukuta wa kibofu ikatoka nje, imefika kwenye tezi za nyonga na kwenye mfupa mmoja wa kiuno. Figo za mzee zisingehimili dawa kali. Kisu kisingefaa kitu. Mionzi ingeikausha ile damu, kwa watu wawili kati ya watatu huikausha, na ingempunguzia maumivu kwa muda.

Nolfa aliuliza muda gani. Daktari alisema miezi sita, labda minne, kuna waliofika mwaka, asimshike kwa tarehe.

"Basi asijue," Nolfa alisema.

"Mimi sitamfuata kumwambia. Lakini akiniuliza, Bi Nolfa, sitamdanganya."

Nolfa aliona hiyo inatosha. Kwao ndivyo walivyofanya siku zote. Mama yake alikufa akiambiwa ana gesi. Shemeji yake alikufa akiambiwa ni baridi ya mifupa, na siku ya mwisho bado alikuwa akiulizia blanketi la umeme. Mgonjwa haambiwi, anabebwa, na watu wa nyumbani wanameza kila kitu wao. Nolfa aliamini kumeza anakujua. Alikuwa fundi cherehani, ameshonea watoto wa nusu ya mji sare za shule, na maisha yake yote alizungumza huku ameshika pini kwa midomo bila hata moja kumchoma.

Jumanne ya wiki hiyo ndipo alipoingia Yasna, mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, ana uvimbe shingoni wa ukubwa wa limau. Saratani ya tezi za limfu. Walipomuuliza, alijibu kwa sauti ndogo, mbili. Kila mtu akatazama viatu vyake. Hakuna aliyewahi kusikia mbili. Yasna aliwatazama mmoja mmoja, akaelewa wanachofikiri, na alipotoka ndani baadaye, uso bado una alama za ile barakoa ya plastiki wanayokufunga usitikisike, alikuwa analia waziwazi.

Belarmino ndiye aliyemsogelea. Alikuwa na ule uchangamfu wa wanaume wafupi, na nusu karne ya kuingia jikoni mwa watu kurekebisha mabomba ilikuwa imemwondolea haya.

"Mwalimu, unalilia nini? Wewe mbili, mimi tano. Wagonjwa ni hawa wa thelathini. Sisi tumekuja kutembea."

Watu walicheka kidogo, kwa aibu. Yasna naye akacheka huku anapenga kamasi. Daktari Iribarren, aliyesikia kutoka mlangoni, alimchukua mwalimu kando akamweleza kwamba ugonjwa wake ni wa polepole, ni mlaini mbele ya mionzi, na kwa wengi wa aina yake dozi mbili ndogo zinatosha kuuyeyusha. Ugonjwa unaweza kurudi baada ya miaka. Ukirudi, utapigwa tena. Asirudi kuwasikiliza wale wa kwenye viti.

Na kweli, mwezi mmoja baadaye Yasna alikuja mpaka nyumbani kwao, mtaa wa nyuma ya reli, na keki mkononi na shingo nyembamba kama ya msichana. Uvimbe haukuwapo. Belarmino alimgeuza kwenye mwanga wa dirisha, upande huu na upande ule, kisha akamgeukia mkewe.

"Umeona? Waliopewa chache ndio wanaopona. Wale pale hospitali wanaisoma hesabu kichwa chini."

Nolfa alikata keki. Alikuwa amekwisha kumuuliza daktari swali hilo hilo, kwa simu, kwa siri, na moyo ukimdunda kwa tumaini alilolionea haya. Na daktari alimjibu neno ambalo tangu siku ile halikumtoka.

"Ugonjwa wa mwalimu na wa mzee wako hauna undugu. Yeye nimempa mbili kwa sababu zinatosha. Mzee nimempa tano kwa sababu zaidi ya hapo ningemtesa bure."

Basi alikata keki, akamwekea mumewe kipande kikubwa, na akamwacha na hesabu yake.

Ukweli ni kwamba zile awamu tano zilikuwa zimefanya kazi. Wiki mbili za kwanza zilikuwa mateso: mkojo ulimchoma akaushika ukuta kwa mikono miwili, tumbo likamwendesha, na alilala mchana kama mtoto mchanga. Kisha asubuhi moja ya Machi alimwita Nolfa chooni kwa ukelele. Alikimbia akidhani ameanguka. Alimkuta amesimama, kifungo wazi, anaelekeza kidole ndani ya bakuli kwa fahari kama alivyomwita maisha yao yote kuja kuona mahali bomba lilipokuwa likivuja na sasa halivuji. Mkojo ulikuwa wa manjano. Hakukuwa na hata uzi wa damu.

"Kaikausha," alisema. "Yule daktari ni fundi."

Nolfa alisema ndiyo, ni fundi, akavuta maji, akaenda kukaa kwenye cherehani na kushona mstari mmoja wa pindo mara tatu.

Jioni ile wakinywa chai na mkate na parachichi, Belarmino alisema ameweka nadhiri. Kwa Bikira Maria wa Ayquina, kile kijiji cha jangwani. Miaka mitatu ya kucheza ngoma mbele yake, kuanzia Septemba.

Mtu asiyetoka kule kaskazini ataona ni jambo la furaha tu, mzee amepata nafuu anataka kucheza. Lakini nadhiri ya kule si maneno ya kupunga mkono. Unaiandikisha kwenye daftari la chama cha wachezaji, jina lako na unachoomba na miaka yako. Ukifa kabla hujaimaliza, haifi na wewe. Anaibeba uliyemwacha, mke au mtoto, mpaka iishe. Nolfa na Belarmino hawakujaliwa mtoto.

Alimtazama mumewe akichovya mkate kwenye chai. Septemba. Alihesabu kwa vidole chini ya meza, kuanzia Februari, na vidole vilimwishia Agosti.

"Miaka mitatu, mzee? Mmoja hautoshi?"

"Mmoja ni uchoyo."

"Hujawahi kucheza hata kwenye harusi yetu."

"Ndiyo maana nina nguvu za akiba."

Angemwambia pale pale. Baadaye aliirudia jioni ile mara nyingi na kila mara aliona mlango ulivyokuwa wazi. Kumficha mume ni jambo moja. Kumwacha amwahidi Bikira miaka ambayo hana, hilo lilikuwa jambo jingine, na Nolfa, ingawa kanisani alikwenda kwa mazishi na ubatizo tu, aliliogopa. Lakini alipofungua mdomo alimwona anatabasamu peke yake kwenye kikombe, mwekundu wa mashavu kwa mara ya kwanza tangu Krismasi, na akaufunga.

Jumamosi Belarmino alikwenda mwenyewe kujiandikisha. Hakutaka asindikizwe. Alirudi baada ya saa tatu, amechoka, na furushi la mahameli ya buluu na mfuko wa shanga. Kiongozi wa chama, Bi Edulia Panire, alikuwa amempa kipande cha karatasi chenye picha ya joho: refu, lenye mabega mapana, la wanaume kwa wanawake sawa, limetariziwa jua mgongoni. Alimwekea Nolfa kila kitu juu ya cherehani.

Nolfa alichukua utepe akamwambia asimame. Alisimama kidogo, akakaa.

"Mimi nimechoka, na tena napungua kila wiki. Ukinipima leo, mwezi ujao litakuwa hema. Jipime wewe. Mabega yetu yale yale."

"Mabega yangu ya cherehani na yako ya kubeba mabomba?"

"Yalikuwa. Hebu tazama."

Alitazama, na ilikuwa kweli. Fulana ilimning'inia. Kifua kilichobeba vyuma kilikuwa kimeingia ndani, na wote wawili, ambao siku zote walikuwa wafupi, sasa walikuwa pia wembamba sawa. Alijipima mwenyewe mbele ya kioo, kwa hasira, huku mumewe akimsomea namba kutoka kitini na kumtania kwamba mkono wa kushoto umekuwa mrefu kwa kuvuta vitambaa.

Joho lile lilimchukua Aprili yote na Mei yote. Alishona kwa bidii ya kijinga. Wakati fulani alijikuta anaamini kwamba jua la mgongoni likikamilika vizuri, kila mshale sawa na mwenzake, Septemba itamkuta mzee yupo. Kisha alijitukana kwa kuamini na kuendelea kushona.

Belarmino alikaa karibu naye akimpangia shanga kwa rangi kwenye vibakuli vya mchuzi, na akazungumza habari za zamani. Alizungumza sana juu ya bomba. Mwaka wa 1958, akiwa na miaka kumi na saba, aliingia kwenye genge la watu kumi na wanne lililoshusha maji ya mto Toconce kutoka milimani, jangwa zima, mpaka mjini. Wakati huo Antofagasta watu walioga kwa kikombe. Maji yalipofika watu walitoka barabarani na mabeseni. Na yeye, kila Jumamosi, alimpelekea binti mmoja wa mtaa wa reli ndoo iliyojaa, akaiweka mlangoni kwa mama yake, akasimama kando na kofia mkononi. Wengine walipeleka maua. Maua ya nani, kwenye jangwa? Mama mkwe alimkubali kwa ndoo ya tatu.

Ilichukua miaka kumi na miwili serikali kujenga mtambo wa kusafisha sumu iliyokuwa ndani ya yale maji. Aseniki. Haina rangi wala harufu, inateremka na mto kutoka kwenye mawe. Watu waliinywa, wakaipikia, wakawaogeshea watoto, na sumu ikakaa kimya mwilini miaka thelathini, arobaini, ndipo ikaanza kuwadai mmoja baada ya mwingine, huyu kibofu, yule mapafu. Mjini mle hakuna familia isiyo na marehemu wake. Belarmino alikuwa na suti nyeusi moja tu, na Nolfa alikuwa ameibadilishia bitana mara mbili kwa jinsi ilivyokwenda makaburini. Katika genge la watu kumi na wanne, walibaki yeye na wenzake wawili.

Mchana mmoja mwishoni mwa Mei alinyamaza katikati ya hadithi ya ndoo. Alikuwa ameshika bakuli la shanga nyeupe magotini. Supu ya kuku na boga ilikuwa mezani mbele yake, hakuigusa.

"Nolfa," alisema. "Huna jambo la kuniambia?"

Cherehani ilisimama. Aliweza kusikia treni ya mizigo ya shaba ikipiga breki chini bandarini. Alikuwa nalo. Lilikuwa limemjaa mpaka kwenye meno. Alitaka kumwambia naogopa, utaniacha, sijui nitakaa vipi katika nyumba hii, mapazia yamefungwa, na unisamehe kwa kukudanganya tangu Februari. Alitaka kuweka kichwa kwenye kile kifua kilichoingia ndani na kupiga kelele.

"Kula supu yako," alisema. "Inapoa."

Belarmino aliendelea kumtazama kidogo. Kisha akachukua kijiko.

Juni damu ilirudi. Ilirudi na mabonge, na maumivu ya kiuno yaliyomfanya aume taulo. Nesi alikuja na dawa ya matone, kisha na sindano. Hospitali haikusema habari ya awamu nyingine, na Belarmino hakuuliza, na Nolfa, aliyekuwa amejiandaa na uongo mzuri kabisa wa mashine kuharibika, hakupata nafasi ya kuutumia. Joho lilikuwa limekwisha. Alilitundika kwenye mlango wa kabati alione kutoka kitandani. Siku moja mzee aliomba aletewe, akapitisha vidole kwenye mabega, kwenye pindo, kwenye mishale ya jua.

"Zuri," alisema. "Usilipunguze."

Nolfa alidhani ni homa inayosema. Mzee alifariki Julai, Jumanne asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye madirisha, mkono wake ndani ya mkono wa mkewe. Mpaka dakika ya mwisho hakuna aliyekuwa amemwambia mwenzake kwaheri, maana kwaheri ingekuwa kukiri.

Baada ya mazishi Nolfa alifunga mapazia. Hilo halikumshangaza mtu yeyote aliyemjua. Mama yake alipokufa alifunga miezi minane, hakutoka, hakushona, mpaka Belarmino alipochukua mkasi wake mwenyewe, ule wa vitambaa asioruhusu mtu kuugusa, akayakata yale mapazia katikati. Safari hii hakukuwa na wa kushika mkasi. Yasna alikuja mara mbili, akagonga, akaacha chakula mlangoni. Majirani waliokota vyombo vikiwa bado vimejaa.

Bi Edulia Panire hakuwa mtu wa kuacha chakula mlangoni. Alikuja katikati ya Agosti, mama mnene wa milimani mwenye misuko miwili ya nywele na filimbi ya uongozi shingoni, akagonga mpaka mbwa wa mtaa mzima wakajibu. Nolfa alifungua ili kelele ziishe.

Hakumkaribisha kiti. Alikwenda moja kwa moja kabatini, akatoa joho lililokunjwa ndani ya shuka, akamsukumia.

"Mpe atakayelitumia. Mwenyewe hayupo. Na ile nadhiri yake muifute, Bi Edulia. Alikuwa mgonjwa, hakujua anachosema. Mimi ndiye niliyemficha. Kama ni dhambi, ni yangu."

Bi Edulia hakulipokea. Alivuta kiti mwenyewe akakaa, akasema kwanza avute pazia moja, hawezi kuzungumza na mtu asiyemwona uso. Nolfa alivuta, sentimita chache. Ndipo yule mama akatoa daftari kwenye kikapu, akalifungua mahali palipokunjwa, akamwekea kidole.

Mwandiko ulikuwa wa Belarmino, zile herufi zake kubwa za mtu aliyeacha shule darasa la nne. Mchezaji: Nolfa Rojo wa Carvajal. Miaka: mitatu. Ombi: asiugue.

Nolfa alisoma mara mbili. Alisema kuna makosa, mzee alikosea mstari.

"Hakukosea. Nilimwambia mwenyewe, mzee, hapa unaandika mchezaji. Akasema najua kusoma." "Alisema, nimewazika watu kumi na mmoja wa genge letu. Wanne walipewa tano tano. Najua tano ni nini. Septemba sitakuwepo, mke wangu atafunga mapazia, na mimi ndiye niliyempelekea yale maji kwa mkono wangu mwenyewe."

Nolfa alibaki amesimama na joho mikononi.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Hilo nami nilimuuliza. Alisema wewe unajitahidi sana kumficha, na hana moyo wa kukuharibia. Alisema atakuuliza mara moja, siku moja, na ukitaka kusema utasema."

Nolfa alikaa kitandani. Hakulia kwanza. Kilichompanda kwanza kilikuwa hasira, hasira safi kabisa, kwamba mtu alikaa miezi mitano anapanga shanga kwenye vibakuli anamtazama akidanganya, anamwona anavyokwenda kulia jikoni na maji ya bomba yamefunguliwa, na hakusema. Miezi mitano. Wangeweza kulia pamoja. Wangeweza kugombana. Angeweza kumwambia kwamba zile ndoo hakuzijutia hata moja, kwamba alikuwa anasimama nyuma ya mlango tangu asubuhi kuzisubiri, sumu au si sumu. Alikuwa na maneno hayo yote na mtu wa kumwambia alikuwa chini ya mchanga. Bi Edulia alimwacha, akaenda kuchemsha maji ya chai kama aliyekuwa kwake.

Kabla hajaondoka alimwomba alivae. Nolfa alilivaa. Bega kwa bega, mkono kwa mkono, pindo likaishia pale pale juu ya kifundo cha mguu. Hakukuwa na mahali pa kuongeza pini.

Walifika Ayquina tarehe saba Septemba asubuhi, kwa basi la chama, maana goti la kushoto la Nolfa lisingeweza kutembea jangwa kama mahujaji wengine. Njiani, mahali barabara inapokaribia bonde, bomba la zamani lilionekana, limeota kutu, linateremka kuelekea mjini. Wengine hawakuligeukia. Yeye aliligeukia mpaka likapotea.

Wachezaji wapya huingia kanisani kwanza, mmoja mmoja, wanasimama mbele ya Bikira na kusema kwa sauti wamekuja kwa nini, huku chama kizima kikisikiliza mlangoni. Nolfa alikuwa wa mwisho. Alikuwa amejifunza la kusema, Bi Edulia alimfundisha, maneno machache ya heshima na ombi. Aliposimama pale, joho likimwelemea mabega, yale maneno yalimtoka yote kichwani.

"Naitwa Nolfa," alisema. "Mume wangu alikuwa Belarmino Carvajal, fundi bomba. Amekufa Julai kwa saratani ya kibofu. Nilijua tangu Februari."

Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka nje ya kinywa chake, na aliyekuwa akiambiwa alikuwa sanamu ya mti yenye nguo ya hariri.

"Naye alijua," alisema. "Aliniuliza. Nikamwambia ale supu."

Kisha Bi Edulia alimgusa mkono, akamtoa nje polepole kwenye jua, akamweka mstari wa tatu kati ya wanawake wawili asiowajua. Filimbi ililia. Ngoma ikaanza, na Nolfa akainua mguu wa kulia, kisha wa kushoto wenye goti bovu, akikosea, akirudia, huku machozi yakimwingia mdomoni. Alicheza mpaka mchana, na mwaka ule ulikuwa wa kwanza.